Wakazi wa Makaburi ya Zamani Hawakupinga

Ifahamike kwa umma wote, walio juu ya ardhi na walio chini yake, kwamba Baraza la Mji limeazimia kuyahuisha Makaburi ya Zamani na kuyafungua kwa wananchi.

Ndivyo tangazo lilivyosomwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Lilipita mitaa yote, na mtaa wa sokoni likapita mara mbili kwa sababu dereva alikuwa anatafuta vitunguu. Magugu yatang'olewa. Mawe ya makaburi yatasuguliwa mpaka majina yasomeke. Njia zitamwagiwa kokoto. Lile geti lililofungwa kwa waya miaka nenda miaka rudi litapata kitasa chake na ufunguo wake. Wananchi wataingia bure, wataketi kwenye mabenchi, watatazama walikolala waliouanzisha mji wao, na watajivunia.

Jambo jema, nani angelinuna? Makaburi yale yalikuwa aibu tupu. Nyasi zilikuwa zimepita kiuno, mbuzi walikuwa wanaingia kwa tundu la ukutani na kutoka wamenenepa, na juu ya kaburi la mwasisi wa mji palikuwa pameanikwa mito ya makochi na mtu ambaye hajajulikana hadi leo.

Kazi ilikabidhiwa kwa Kaimu Mratibu wa Maeneo ya Kumbukumbu. Huyu bwana alianza kukaimu wakati kifungua mimba wake anatambaa, na sasa mtoto huyo alikuwa anaazima viatu vya baba yake bila kuomba. Jina lake watu walishalisahau. Ofisini Kaimu, mtaani Kaimu, na hata mkewe alipotenga chakula aliita, "Kaimu, kinapoa!" Mama mkwe wake, fundi wa mapazia mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa na lake la kusema kila walipokutana.

"Mimi binti yangu nilikuoza kabisa," alimwambia. "Sikukukaimisha."

Kaimu alikuwa anacheka, ila cha moyoni alikijua mwenyewe.

Na kazi aliipenda, msimnyime haki yake. Asubuhi alikunja suruali, akachukua brashi laini na ndoo ya maji ya sabuni kutoka kibanda cha koleo kilichokuwa ukutani, akasugua mawe pamoja na vibarua. Jiwe lenye ukungu halitaki pupa. Unalilowesha, unalisubiri, unalisugua kwa mduara kama mgongo wa mtoto. Majina yakaanza kujitokeza moja moja. Hapa bwana mkubwa wa ushuru, pale mwenye kiwanda cha matofali na wake zake wakiwa pande zote mbili, hata mautini hawakumpa nafasi ya kujigeuza. Na kule ukutani, kwenye mstari wa mawe mafupi, walikuwa wapishi, dobi, mchukuzi wa maji na mkunga aliyewapokea nusu ya hao wakubwa walioko mbele.

Siku mawe yalipokaribia kwisha, Mkurugenzi wa Baraza alikuja kukagua. Mwili wake ulikuwa wa kutosha, na viatu vyake viling'aa hata mawe yakaona haya. Alitembea akinusa hewa, akafika ukutani, akasimama.

"Na hawa?"

"Hawa ni watu wa kawaida, mzee."

"Nimeona. Mawe yao hayana hata maua." Mkurugenzi alipima kwa macho kutoka ukutani hadi getini. "Kaimu, baada ya uzinduzi, wageni rasmi wakija kutembelea, magari ya msafara yatakaa wapi?"

"Barabarani, mzee. Kuna nafasi."

"Gari la mgeni rasmi likae barabarani? Kama la muuza mkaa?" Alikung'uta viganja. "Hapa patakuwa maegesho. Hawa wahamishiwe kule nyuma ya mtaro. Siku ya uzinduzi tutavumilia; wageni wakishaondoka, lori lianze kazi. Na baada ya hapo magari yetu sisi wakuu yatakuwa na kivuli cha ukuta."

Kaimu aliugeukia mstari ule. Pale ukutani, jiwe la tatu kutoka mwisho wa mstari, alikuwa amelala dobi mmoja. Dobi huyo alikuwa mama mzazi wa mama mkwe wake. Kaimu alilisugua jiwe lile kwa mkono wake, bila kumwachia kibarua, na mama mkwe alipolisoma jina kwa mara ya kwanza tangu utotoni, alivua viatu akakaa chini mpaka jua likahama.

Lakini mtu anayekaimu hasemi "hapana". Anasema kwa kuzunguka.

"Mzee, kuna kikwazo kidogo cha utaratibu. Mwongozo unasema watu hawahamishwi mahali walipo mpaka kwanza washirikishwe, kwa kikao, na watoe maoni yao."

Hapo alijua amemfunga goli. Mkurugenzi alifikiri kidogo, kisha akatabasamu kwa meno yote.

"Basi washirikishe."

Kikao kilifanyika kesho yake asubuhi, pale pale ukutani. Meza ililetwa, ikatandikwa kitambaa, ikawekwa chupa za maji na ua la plastiki. Mkurugenzi alikaa katikati, Kaimu kulia, na kushoto akakaa karani wa vikao, binti mwembamba aliyekuwa hawezi kusikia pendekezo bila mkono wake kuanza kuandika. Mbele yao, kwa utulivu, walikuwa wajumbe.

"Mahudhurio niandikeje, mzee?" aliuliza karani.

"Kamili."

"Kuna waliotoa udhuru?"

"Unamwona aliyekosekana?"

Karani aliinua shingo, akatazama mstari mzima kwa uangalifu. "Hakuna, mzee."

Mkurugenzi alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Ndugu wakazi, itifaki imezingatiwa. Baraza lenu sikivu linapendekeza mhamie nyuma ya mtaro, kwenye mazingira mapya, yenye upepo. Anayepinga aseme."

Upepo ulipita. Mjusi alitoka chini ya jiwe la mpishi, akachungulia, akarudi.

"Nawapa muda," alisema Mkurugenzi. "Mimi siburuzi watu."

Akawapa muda. Akafungua chupa ya maji, akanywa nusu. Kaimu alitazama lile jiwe la tatu. Kisha akalisogeza ua la plastiki likae katikati ya meza.

"Andika," Mkurugenzi alimwambia karani. "Mjumbe aliyehudhuria na asitamke pingamizi, ameridhia. Pendekezo limepita bila kupingwa." Alipokuwa anapanda gari alikuwa bado anatikisa kichwa kwa furaha. "Kaimu, nimeongoza vikao maisha yangu yote. Sijapata kuona wajumbe wenye nidhamu kama hawa."

Furaha ile haikuishia hapo. Wiki haikupinduka, waraka ukatoka: kuanzia sasa, katika vikao vyote vya Baraza, asiyetamka pingamizi mahali pale na wakati ule amekubali, na kilichokubaliwa hakifutwi ila na kikao kile kile, mahali pale pale. Kazi za Baraza zikashika kasi ya ajabu. Wafanyakazi waliitwa kikaoni saa ya chakula, midomo ikiwa imejaa, na likizo zao zikapunguzwa bila sauti hata moja kusikika. Wauza samaki waliulizwa kuhusu kuhamishwa kwa soko wakati treni ya mizigo inapita. Mkuu wa zimamoto alipigiwa simu, akaulizwa kama anakubali gari lake moja lipelekwe kumwagilia bustani ya Mkurugenzi, simu ikakatika kabla hajajibu. Akawa amekubali.

Ikabaki kazi moja ambayo haikuwa na waraka: kumwambia mama mkwe.

Kaimu alimkuta chumbani kwake kwa kazi, miguu juu ya cherehani, kitambaa kizito cha kijani kimemwagika kutoka mezani hadi sakafuni. Baraza lilikuwa limempa kazi ya kushona pazia la kufunika jiwe la uzinduzi. Mkewe Kaimu alikuwa pale naye, anapindia pindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kaimu. Mbona umeganda mlangoni? Ingia, hilo pazia haliumi."

"Nimeleta habari, mama."

"Za msiba?"

"Hapana... aliyekufa alishakufa, mama. Ila anahamishwa."

Cherehani ilisimama. Kaimu alieleza yote, maegesho, mtaro, kikao, akiwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Na mama yangu kasemaje?" aliuliza mama mkwe.

"Ameridhia."

"Mama yangu? Mama yangu alikuwa akiuziwa sabuni anailamba kwanza. Alimkatalia baba posa mara mbili kwa sababu ya kola chafu. Leo karidhia kwenda kukaa mtaroni?"

"Alinyamaza, mama. Kwa utaratibu..."

"Mama yangu kunyamaza!" Mama mkwe alimgeukia binti yake. "Unasikia? Mpaka bibi yako afe ndipo walipopata nafasi ya kuzungumza naye, maana akiwa hai mtu alikuwa hapati pa kuingizia neno." Akamrudia Kaimu, na sauti ikashuka. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Kaimu aliinama. Akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni.

"Basi na wewe umeridhia," alisema mama mkwe, akakanyaga cherehani.

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Kaimu, leo kochi la sebuleni linahitaji mtu wa kulikaimu."

Siku ya uzinduzi ilifika imevaa. Mahema meupe, zulia jekundu juu ya kokoto, viti vya wakubwa vyenye vitambaa na viti vya wananchi visivyo na hata migongo. Makaburi yaling'aa. Watu waliingia kwa mara ya kwanza kwenye geti lile, wakatembea taratibu, wakasomeana majina, na wengi, jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba, walikwenda moja kwa moja ukutani. Kumbe mpishi yule ana wajukuu, na mkunga ana ukoo mzima. Walikuta kila jiwe la ukutani limepigwa alama ya chokaa, na nje ya ukuta lori limeegeshwa, koleo zimelala juu. Wanaukoo walitazamana. Askari wa Baraza akawaomba wakakae, shughuli inaanza.

Mkurugenzi alimvuta Kaimu pembeni. "Mgeni Rasmi akishaketi, tutakuwa na dakika moja ya ukimya kuwakumbuka marehemu. Wewe utashika saa. Ikiisha, sema 'ahsanteni, tukae'. Kabla ya hapo sitaki mtu hata apige chafya. Kamera zote zitakuwa usoni kwangu, nitakuwa nimeinamisha kichwa kwa majonzi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Ukifanya vizuri, tutaangalia suala lako la kuthibitishwa."

Mgeni Rasmi alikuja, mzee wa makamo aliyechoka kwa kuzindua mambo mengi. Akaketi. Jiwe la uzinduzi lilikuwa mbele, limefunikwa pazia la kijani lenye marinda yaliyopigwa pasi hata ungekata nayo mkate. Kando yake alisimama mama mkwe ameshika kamba ya pazia, kwa maana pazia lile lilikuwa na namna yake ya kufunguka na fundi ndiye aliyeijua. Kipaza sauti cha hotuba ya uzinduzi kilikuwa kimesimikwa hapo hapo, kidevuni kwake.

"Tusimame," alitangaza Mkurugenzi, "kwa dakika moja ya ukimya kamili."

Watu wote walisimama. Bendi ilishusha tarumbeta. Askari walipiga mguu sawa, wakawa miti. Mkurugenzi aliinamisha kichwa, akakunja mikono tumboni, akajipa majonzi. Kamera zikamsogelea. Kaimu alitazama saa.

"Ndugu wajumbe," ilisema sauti kwenye vipaza sauti vyote, polepole, kama mtu anayemwombea mgonjwa. "Itifaki imezingatiwa. Napendekeza wakazi wa ukutani wasihamishwe. Anayepinga aseme."

Jicho moja la Mkurugenzi lilifunguka.

Kimya. Hakuna aliyejikuna. Karani wa vikao, aliyekuwa amesimama na daftari kwapani kama kawaida yake, alishangaa kuona mkono wake tayari unaandika.

"Limepita," alisema mama mkwe. "La pili. Magari ya wakubwa lazima yapate kivuli, hilo ni kweli. Napendekeza yakae kwenye bustani ya Mkurugenzi, ambako hakuna aliyelala isipokuwa mlinzi. Anayepinga aseme."

Sura ya Mkurugenzi ilianza kubadilika rangi kwa awamu. Angesema neno, angekuwa amevunja ukimya wa marehemu mbele ya kamera na mbele ya Mgeni Rasmi, ukimya aliouagiza yeye. Asiposema, angekuwa ameridhia, na waraka ulikuwa wake pia. Alimtupia Kaimu jicho. Kisha nyusi. Kisha kidevu: Maliza! Maliza!

Kaimu alitazama saa. Mshale ulikuwa umeshamaliza mzunguko wake, tena ulikuwa umeanza mwingine kwa furaha. Aliwaza barua ya kuthibitishwa. Aliwaza mlango wa ofisi wenye jina lake kamili, ambalo mkewe angelazimika kulikumbuka. Akatazama ukutani, jiwe la tatu, alama ya chokaa juu ya jina alilolisugua kwa mikono yake. Akainua saa hadi sikioni, taratibu, kama mtu asiye na hakika kama inatembea. Na akaendelea kunyamaza.

"Limepita. La mwisho, nisiwachoshe, najua mna miguu. Baraza lilishajiandaa kuhamisha mtu, na lori hilo nje limekuja. Tusilirudishe tupu. Napendekeza ahamishwe Mkurugenzi. Yeye yu hai, hahitaji kuchimbuliwa. Ofisi yake iwe kile kibanda cha koleo pale ukutani, awe karibu na wakazi wanaomsikiliza kwa nidhamu. Anayepinga aseme."

"Khoo!" alifanya Mkurugenzi. "Khoo! Khoo!"

Umati mzima uliinamisha vichwa zaidi, kwa heshima ya marehemu. Baadhi ya mabega yalikuwa yanatetemeka, lakini kwa sauti hakuna kilichotoka. Karani aliandika: Mjumbe mmoja amekohoa.

"Limepita," alisema mama mkwe, akarudi nyuma hatua moja na kamba yake.

Kaimu alishusha saa. "Ahsanteni, tukae."

Makofi yaliyolipuka pale yalimshtua Mgeni Rasmi, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba kwa sababu zake. Akaomba anong'onezwe kilichojiri. Karani, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, alimkabidhi maazimio yakiwa bado na wino mbichi. Mgeni Rasmi aliyasoma, akavua miwani, akaifuta.

"Ndugu zangu," alisema, "nimezindua madaraja, nimezindua visima, nimezindua hata mnara mmoja ambao haukuwa umejengwa. Lakini kiongozi anayetoa bustani yake, na kuhamishia ofisi yake kibandani ili awe jirani na wananchi wa chini kabisa! Mkurugenzi, simama wakuone!"

Mkurugenzi alisimama. Kamera zilimwangalia. Alitabasamu, kwa sababu uso wake haukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kesho yake asubuhi aliwaita Kaimu na karani. "Futa yote!"

"Siwezi, mzee," alisema karani kwa huzuni ya kweli. "Waraka wako unasema ni mpaka kikao kile kile, mahali pale pale."

"Basi twendeni tukafanye kikao! Sasa hivi! Kabla watu hawajaamka!"

Walikwenda watatu. Meza haikuletwa. Geti lilikuwa wazi, kokoto zina umande, na wajumbe walikuwa mahali pao. Mkurugenzi alisimama katikati ya mawe, akavuta pumzi hadi kifungo cha koti kikalia.

"Napinga!" alinguruma. "Mnasikia? Mimi napinga! Napinga ya kwanza, napinga ya pili, napinga ya tatu!"

Sauti iligonga ukuta, ikarudi, ikafifia. Mbuzi mmoja aliyekuwa bado hajapata taarifa za uzinduzi alikuwa anatafuna, akaacha, akaendelea.

"Hesabu," Mkurugenzi aliamuru, akihema.

Karani alitazama kulia, akatazama kushoto, mstari kwa mstari, kwa uangalifu ule ule. Mkono ukaandika.

"Aliyepinga ni mjumbe mmoja, mzee. Wengine wote wameridhia maazimio yabaki."

"Kaimu! Wewe sema kitu!"

Kaimu alikuwa ameinama anafuta chokaa kwenye jiwe la tatu, kwa brashi laini, kwa mduara. "Nasema, mzee," alijibu bila kuinua kichwa. "Lori likuchukulie na kiti chako, au utakaa kwenye benchi?"

Meza ya Mkurugenzi haikuingia mlangoni mwa kibanda, wakaikata miguu. Watu siku hizi wanaingia makaburini kutwa, wanasoma majina, wanakaa kwenye mabenchi, na wakimaliza wanapita kibandani kueleza kero zao, maana ni hapo njiani. Kaimu anakaimu bado. Ila mama mkwe amekoma kumtania kwa hilo; siku hizi anamwita mkwe wangu, na anaishia hapo.

Ni yeye aliyekwenda kibandani Ijumaa moja na utepe wa kupimia na mfuko wa vitambaa. Dirisha la Mkurugenzi lilikuwa wazi, wapita njia walikuwa wanamwona anavyokula.

"Hodi. Baraza limenituma nikushonee pazia, Mkurugenzi. Unapendelea rangi gani? Nina ya kijani, na nina ile ya waridi yenye vipepeo imebaki kwenye harusi."

Mkurugenzi alitazama nje. Mawe yalikuwa yametulia, mstari kwa mstari, yanamsikiliza. Alifikiri kwa sekunde chache tu, lakini mama mkwe alikuwa tayari anaitoa ile ya vipepeo mfukoni.

"Kijani!" alipiga kelele Mkurugenzi, hata wageni wakageuka getini. "Kijani, mama! Nimesema kijani! Karani, uandike nimesema!"